Kukagua vifaa vya wachezaji kwenye mechi za watoto na vijana: mwongozo wa mwamuzi

Mechi ya watoto ikivurugika kwa sababu ya vifaa, mara nyingi imevurugika kabla ya filimbi ya kwanza. Mwamuzi kachelewa kufika, kakagua wakati wa kurusha sarafu, katupia macho miguu tu, mpira ukaanza. Dakika ya 12 anaona cheni inang'aa shingoni mwa beki. Sasa ana kazi tatu kwa mpigo: kumtoa mtoto, kumtuliza kocha na kuufuatilia mpira. Kazi hiyohiyo ingechukua sekunde 20 kwenye foleni.

Mwongozo huu ni wa waamuzi wa mechi za shule, za mtaa na za vituo vya kukuza vipaji, iwe ni UMITASHUMTA na UMISSETA (mashindano ya shule za msingi na sekondari Tanzania), ligi ya wilaya au bonanza la Jumamosi. Msingi wake ni Sheria ya 4 ya soka, inayohusu vifaa vya wachezaji. Yaliyobaki ni yale ambayo kitabu hakiyataji, maana waliokiandika hawakumfikiria mtoto aliyekata dumu la mafuta ya kula akajitengenezea kikinga ugoko.

Unatafuta hatari, hutafuti unadhifu

Sheria inasema mchezaji asitumie wala kuvaa kitu cha hatari. Sentensi hiyo ndiyo inayobeba ukaguzi wote. Waamuzi wengi wapya wanaichanganya na mambo ya sare: soksi zimefifia, bukta ya huyu ni bluu ya bahari na ya mwenzake ni bluu ya mbingu, namba imeandikwa kwa kalamu. Hizo ni kasoro. Ziandike kwenye ripoti kama kanuni za mashindano zinataka, ila usimnyime mtoto kucheza kwa sababu mama yake hakupata soksi za rangi ileile sokoni. Ukali wako uuweke kwenye chuma, kioo, plastiki yenye makali, na chochote kinachoweza kunasa kidole au shingo.

Kwa hiyo kila unachokiona kwenye foleni kiingize kwenye fungu moja kati ya matatu. Kuna vya kuvua bila mjadala: mapambo yote na vyombo vya mawasiliano. Kuna vya kupima kwa mkono na akili: njumu, vikinga ugoko, miwani, hogo (lile ganda gumu la kushikilia mfupa uliovunjika), mikanda ya goti. Na kuna vya kuachia: kasoro za sare zisizomuumiza mtu.

Mwalimu mmoja au wawili watakuambia mashindano yao "yanaruhusu" hereni. Hayawezi. Kwa mechi za vijana, sheria imeacha nafasi ya kubadili ukubwa wa uwanja, mpira, magoli, muda wa mchezo, aliyetoka kurudi uwanjani, na kumtoa mchezaji kwa muda kwa makosa ya kadi ya njano. Usalama wa vifaa haumo kwenye orodha hiyo, hata kwa watoto wa miaka 7.

Jioni ya kabla ya mechi

Tuma ujumbe kwa walimu wa timu zote mbili. Ujumbe mfupi unaokoa ugomvi mrefu. Mfano:

"Habari za jioni walimu. Kesho ukaguzi wa vifaa ni saa 2:30 asubuhi, mpira saa 3:00. Waje wachezaji wote, na wa akiba pia, soksi zimevutwa na vikinga ugoko viko ndani. Hereni, vipini, cheni, bangili, vikuku, pete na saa viachwe nyumbani. Plasta juu ya hereni haikubaliki. Kama kuna mwenye hogo, miwani au hali ya kiafya inayohitaji kifaa, naomba mnijulishe leo."

Mstari wa mwisho ndio wenye faida kubwa. Mtoto mwenye hogo akigundulika asubuhi ya mechi, kocha ameshapanga kikosi, mzazi ameshalipa nauli, na wewe ndiye utakayeonekana mbaya.

Kwenye begi lako ongeza vitu hivi: kipande cha msasa cha ukubwa wa kiganja, mkasi wa ncha butu, rola moja ya plasta ya kitambaa, jozi mbili za kamba za viatu, na raba laini za kubania nywele kama sita hivi, zile zilizofunikwa kitambaa. Vyote havifiki uzito wa chupa ya maji. Kitu kimoja usibebe: bahasha ya kuhifadhia mapambo ya watoto. Ukipokea hereni ya dhahabu mkononi mwako, umekuwa mlinzi wake, na ikipotea utailipa wewe. Mapambo hupokewa na mwalimu au mzazi, na mtoto ayakabidhi mwenyewe.

Foleni

Anza dakika 30 kabla ya mpira, wachezaji wakiwa wameshavaa kila kitu. Mtoto mwenye koti la mazoezi juu ya jezi hajakaguliwa, hata kama umemgusa kiatu. Wapange mstari mmoja upande wa uwanja ulio wazi, mwalimu wao akiwa amesimama kando yako. Usikagulie ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, na usiwe peke yako na mtoto.

Kikosi cha wachezaji 18 kwa sekunde 20 kila mmoja ni dakika 6. Kama una waamuzi wasaidizi, kila mmoja achukue timu moja na wewe uzunguke. Kama uko peke yako, anza na timu ya wageni, kwa sababu ndiyo isiyo na mtu wa kumtuma nyumbani kuchukua vikinga ugoko vilivyosahaulika. Inahitaji muda zaidi wa kuazima.

Mwambie mtoto afanye, usimfanyie. Humshiki sikio, humvuti soksi, huingizi mkono kwenye mfuko wa bukta. Maneno yanatosha:

"Shikamoo refa."

"Marahaba mwanangu. Geuza shingo huku. Na huku. Mikono mbele, fungua vidole. Gonga ugoko wako, huu na huu. Geuka, nyanyua mguu kama farasi anayevalishwa viatu. Haya, mwingine."

Mpangilio uwe uleule kwa kila mtoto, kutoka kichwani kwenda chini: nywele, masikio, pua, shingo, viganja na vidole, kiuno, ugoko, soli. Ukirukaruka utasahau. Kwa kawaida kinachosahaulika ni vidole, kwa sababu watoto husimama mikono nyuma kwa heshima.

Wachezaji wa akiba wakaguliwe wakati huohuo, kisha wakaguliwe tena pale wanapotaka kuingia. Mtoto akikaa benchi dakika 40 huvua vikinga ugoko kwa joto, huvaa saa ya kaka yake, huazimisha njumu. Yule unayemwona anaingia dakika ya 41 si yule uliyemkagua asubuhi.

Masikio, shingo na vidole

Hapa ndipo penye mabishano, na hapa ndipo sheria iko wazi kuliko pengine popote. Mapambo ya aina zote hayaruhusiwi: cheni, pete, bangili, hereni, kamba za ngozi, hata zile bendi za mpira za mkononi. Kufunika kwa plasta hakukubaliki.

Mtoto wa kike aliyetobolewa masikio wiki iliyopita atasema tundu litaziba. Ni kweli linaweza kuziba, na bado jibu ni lilelile. Mweleze mwalimu sababu: hereni ya kuchomeka ina msumari unaotokezea nyuma ya sikio. Mpira ukimpiga upande wa kichwa, au kiwiko kikimgonga, msumari ule huchoma ngozi ya nyuma ya sikio, na plasta inaukandamiza zaidi. Juu ya hapo, kwa jasho la robo saa plasta imeshabanduka na hereni iko wazi. Njia ya kweli ni kutoboa masikio mwanzoni mwa likizo, msimu ukiwa umeisha. Mwambie mwalimu awaeleze wazazi hilo.

Pete inaonekana ndogo hadi inase. Desemba 2004, kwenye ligi ya Uswisi, Paulo Diogo wa Servette aliruka kwenye uzio kushangilia goli, pete ya ndoa ikanasa kwenye waya, naye aliposhuka sehemu ya kidole ikabaki juu. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano kwa namna alivyoshangilia. Viwanja vyetu vingi vina nyavu zenye ndoano za chuma na uzio wa seng'enge. Kipa mwenye pete yuko kwenye hatari ileile kila anapookota mpira wavuni.

Cheni huponyoka machoni hata kwa waamuzi wa ngazi ya juu. Desemba 2022, kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar, Jules Koundé wa Ufaransa alicheza karibu kipindi chote cha kwanza dhidi ya Polandi akiwa na cheni shingoni kabla ya kuambiwa aivue. Cheni hukaa chini ya ukosi wa jezi. Ndiyo maana kwenye foleni unamwambia mtoto ashushe ukosi kidogo kwa kidole chake mwenyewe.

Hirizi ina utaratibu wake. Utaikuta imefungwa mkono wa juu, shingoni au kiunoni: kitambaa, ngozi, wakati mwingine kipande cha mfupa au chuma ndani. Usiitaje kwa sauti mbele ya wenzake na usiulize ni ya nini. Mwite mwalimu pembeni: "Mwalimu, kijana wako namba 4 ana kitu mkononi, naomba akivue kabla hatujaanza." Sheria inaitazama kama bendi nyingine yoyote. Kama familia haitaki ivuliwe, mtoto hachezi siku hiyo, na hilo ni uamuzi wa familia, si adhabu yako. Kubishana juu ya nguvu za hirizi si kazi ya mwamuzi.

Bangili ya tahadhari ya kiafya, ile inayoeleza kwamba mtoto ana kisukari, selimundu au mzio, si pambo. Vyama vingi vya soka la vijana huiruhusu ikiwa imelazwa bapa na kufungwa isicheze, maandishi yakibaki yanaonekana, kwa sababu kazi yake ni kusomwa mtoto akizimia. Hapo plasta yako ina kazi halali. Pampu ya pumu haikai mfukoni mwa mchezaji. Inakaa kwa mwalimu, na wewe ujue ni mwalimu yupi.

Nywele na kichwa

Vibanio vya chuma vitoke. Rasta na mabutu havina tatizo, ila shanga zilizoning'inia mwishoni mwa misuko zinampiga mwenzake usoni kila mtoto anapogeuka. Zikunjwe juu zifungwe kwa raba laini. Hapo zile sita za begini zinaisha haraka. Zikibaki zinachezacheza, zivuliwe.

Hijabu iliruhusiwa rasmi na IFAB, bodi ya sheria za soka, Machi 2014, baada ya majaribio yaliyoanza 2012, kwa hiyo mwamuzi anayemzuia msichana kwa sababu ya hijabu ndiye mvunja sheria. Masharti yake ni mepesi: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, wenzake wanaovaa wawe na rangi moja, isiunganishwe na jezi, isiwe na kitu kinachochomoza wala kifungio cha hatari shingoni. Tatizo la kweli ni pini. Msichana aliyevaa mtandio wa kawaida aliouchomeka pini mbili chini ya kidevu ana sindano mbili mita moja kutoka kwenye macho ya wenzake. Suluhisho ni hijabu ya kuvaa kwa kichwa, ya kitambaa kinachovutika. Kama hana, mtandio ufungwe kwa fundo nyuma ya shingo na ncha zichomekwe ndani ya jezi bila kushonwa. Ukaguzi huu ufanywe na mwamuzi wa kike au mwalimu wa kike akiwepo.

Pini hizohizo zinajificha sehemu nyingine mbili: namba iliyobandikwa mgongoni mwa jezi, na kitambaa cha unahodha. Nahodha lazima avae kitambaa, lakini hakuna anayelazimishwa kukibana kwa pini. Kifunge kwa fundo au kwa plasta juu ya mkono wa jezi.

Asubuhi za Njombe au Eldoret watoto huja na sweta lenye kofia ndani ya jezi. Sweta lisilo na kofia linapita likiwa rangi ya mikono ya jezi. Lenye kofia halipiti: mtu akiivuta kwa nyuma, ukosi unamkaba mtoto koo.

Vikinga ugoko

Sheria inavitaka viwe vya kitu kinachofaa, vitoe kinga ya kiasi, na vifunikwe na soksi. Tangu msimu wa 2024/25 imeongezwa kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mwenye jukumu la ukubwa na ufaafu wake. Kwa mtu mzima hilo linakutosha. Kwa mtoto wa miaka 10, jukumu hilo kwa vitendo ni la mwalimu na mzazi, na wewe bado una macho.

Kipimo: kikinga kikae juu kidogo ya fundo la mguu na kifike chini kidogo ya goti, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kabla ya goti kukunja. Kikiwa na ukubwa wa boksi la kiberiti, kama wanavyoiga kwa wachezaji wa televisheni, kinalinda boksi la kiberiti. Mwambie mtoto agonge kwa kifundo cha kidole: plastiki inatoa mlio mkavu, kadibodi inatoa mlio wa kufa, na mfupa mtupu unamfanya akunje uso.

Vya kujitengenezea vinatofautiana. Kadibodi ya tabaka mbili inaishi mpaka soksi ilowe jasho, kisha inageuka uji. Kipande cha dumu ni kigumu, lakini kingo zilizokatwa kwa kisu hukwaruza ugoko wa mwenyewe, na akichezewa rafu hukatika na kutoa pembe kali. Kama ndicho alichonacho na mashindano ni ya mtaa, kingo zilainishwe kwa msasa, zizungushiwe plasta ya kitambaa mara mbili, na ndani iwekwe soksi kuukuu kama mto. Kwenye mashindano rasmi, aazime. Vikinga viwili vya mtoto aliyeko benchi vinaweza kucheza mechi nzima kwa watoto watatu, ila kila vinapohama, vinahama nje ya mstari, na wewe unavigongesha tena.

Hakuna kikinga kabisa? Hachezi. Hapa hakuna huruma ya kufanya, kwa sababu huruma hiyo inaishia hospitali.

Plasta au kamba inayofungwa juu ya soksi kushikilia shingadi, kama watoto wanavyoziita, sheria inataka ifanane na rangi ya soksi. Kwa watoto usipoteze dakika hapo. Angalia jambo lingine: imekazwa kiasi gani. Mguu ukianza kubadilika rangi au mtoto akalalamika ganzi, ilegezwe.

Njumu

Sheria inadai viatu, haidai njumu. Raba ya shule ni kiatu halali. Kandambili na makubazi hayafai, maana yanaruka mguuni na kumkuta mtu.

Soli inakaguliwa kwa macho kwanza, kisha kwa ncha za vidole, mtoto akiwa amenyanyua mguu nyuma. Usipitishe kiganja chote kwa kasi; meno yaliyochongeka yatakukata wewe kabla ya mtu mwingine. Unatafuta mambo haya:

Meno ya plastiki yaliyosagika kwa kutembea juu ya sementi na lami. Yanaisha upande mmoja na kubakiza ukingo mkali kama wembe. Msasa wako unamaliza kazi hiyo kwa dakika mbili, na mfundishe mtoto aje na kandambili na kubadilisha uwanjani.

Meno ya chuma ya kufunga kwa skrubu. Jino moja likipotea, skrubu au tundu lenye kingo linabaki wazi. Kiatu hicho hakiingii hadi jino lirudishwe au yote yalingane. Chuma chenyewe hakijakatazwa na Sheria ya 4, ila kanuni nyingi za watoto wadogo na za viwanja vya nyasi bandia hukikataa, kwa hiyo soma kanuni. Kwenye uwanja mgumu wa kiangazi meno marefu ya chuma ni hatari kwa mvaaji mwenyewe: hayazami, kifundo kinapinda.

Viatu vya mitumba vyenye jino moja mbele kabisa, chini ya ncha ya kidole gumba. Hivyo vilitengenezwa kwa besiboli au mpira wa Kimarekani, vikaingia kwenye belo. Jino hilo la mbele ndilo linalompata mwenzake kwenye ugoko mguu unapopigwa mbele. Ondoa jino lile kwa kulikata na kulisaga bapa, la sivyo viatu vikae pembeni.

Soli iliyofumuka na kushikiliwa kwa waya. Waya utoke, kamba ya kiatu ifungwe kuzunguka, plasta juu yake.

Kwa mechi ya kirafiki kijijini ambako timu zote mbili ziko peku, jambo la kuogopa ni mchanganyiko. Wawili wenye njumu kati ya 20 walio peku watavunja vidole vya miguu kabla ya mapumziko. Wavue nao, au wabadilishe kwa raba.

Miwani, hogo na mikanda

Miwani ya michezo inaruhusiwa, na kwa watoto mwamuzi anatakiwa kuwa mwepesi kuikubali. Iwe na lenzi ya plastiki ngumu na mkanda wa mpira kuzunguka kichwa. Miwani ya kawaida yenye lenzi ya kioo haipiti. Ukitaka kujua, mwambie mwenye nayo aigonge kwa ukucha: kioo kinalia kama kikombe, plastiki inalia butu.

Hogo gumu la mkononi ni silaha kama halijafunikwa. Ligi za shule za sekondari Marekani hutaka lifunikwe kwa sponji nzito isiyopungua nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, na kipimo hicho kinafaa kukopwa. Sponji ya godoro haitoshi. Ukiibonyeza kwa kidole na ukagusa ugumu wa hogo, na pua ya mtoto mwingine itaugusa. Kama kanuni za mashindano zinakataza hogo, umemaliza. Kama zinaruhusu, jiulize pia kama mtoto huyu mwenye mfupa unaounga anapaswa kuwa uwanjani. Cheti cha daktari kinasema mfupa wake unaendeleaje. Hakikulazimishi kukubali kifaa hatari kwa wengine. Na akianza kulitumia hogo kusukumia, anatoka.

Mikanda laini ya goti na kiwiko haina neno. Ile yenye bawaba za chuma ifunikwe sehemu zote zilizo wazi. Kifaa cha kusaidia kusikia si pambo. Mwachie mtoto, ukihakikisha hakina pembe kali.

Kitu kikionekana mpira ukiwa unachezwa

Usipige filimbi kwa pupa. Kwa makosa ya vifaa mchezo si lazima usimamishwe. Mwonyeshe mtoto kwa ishara, subiri mpira utoke, na kwa watoto mpira hutoka kila nusu dakika. Hatari ya papo kwa papo, kama soli iliyopasuka ikabaki na msumari, ndiyo inayosimamisha mchezo.

Mpira ukitoka, mpe nafasi ya kuvua palepale. Akiweza kwa sekunde chache, endeleeni. Akishindwa au asipotaka, atoke kwenda kurekebisha. Kurudi kwake kuna mambo mawili: kifaa kikaguliwe na mwamuzi mmojawapo, na wewe umpe ruhusa. Ruhusa hiyo inaweza kutolewa hata mpira ukiwa unachezwa. Kama uko peke yako bila wasaidizi waliofunzwa, mkague mwenyewe mpira ukisimama. Usimtegemee mwalimu wake akuambie "tayari refa".

Akiingia bila ruhusa ni kadi ya njano, na kama umesimamisha mchezo kwa ajili hiyo tu, timu pinzani inapata pigo huru lisilo la moja kwa moja pale mpira ulipokuwa. Kama aliingia akauingilia mchezo, pigo ni la moja kwa moja pale alipoingilia, au penalti. Njano pia kwa anayekataa kuvua, na kwa anayevua kisha akavaa tena. Huyu wa mwisho anaonekana zaidi baada ya mapumziko, hereni zikiwa zimerudi masikioni, kwa hiyo tupia jicho timu zote zinaporudi uwanjani.

Kiatu au kikinga ugoko kikimponyoka kwa bahati mbaya, aendelee kucheza; akirudishe mapema awezavyo, na asivuke pale mpira unapotoka. Akifunga goli na soksi, goli ni halali. Hili litakuletea kelele za wazazi, na hutakiwi kuyumba.

Damu kwenye jezi au soksi: anatoka, kidonda kinafungwa, nguo yenye damu inabadilishwa, ndipo unampa ishara ya kurudi.

Mwalimu anapobisha

"Juzi tulicheza hivihivi na refa aliruhusu." Jibu fupi linatosha: "Mwalimu, leo azivue, akimaliza anaingia." Usimtetee wala kumponda mwamuzi wa juzi. Usiseme "kwa hatari yenu wenyewe" wala kukubali karatasi ya mzazi anayesema anabeba jukumu. Mzazi huyo hawezi kubeba jukumu la jicho la mtoto wa mwenzake. Na usikubali biashara ya "mpe kipindi hiki tu."

Kwenye ripoti andika namba ya jezi, kifaa, dakika, ulichoagiza na kilichotokea: "Namba 9, bangili ya chuma mkono wa kushoto, dk. 27, aliagizwa kuvua, alikataa, kadi ya njano, alitoka, alirudi dk. 33 baada ya kukaguliwa na mwamuzi msaidizi wa kwanza." Kama mtoto hakucheza kabisa kwa sababu ya kifaa, liandike hilo pia na jina la mwalimu aliyejulishwa, wino ukiwa bado mbichi, kabla hujapanda bodaboda.